Utumbo Mkereketwa

Mjini kwetu Mwanza hakuna mtu anayeumwa tumbo hivi hivi tu. Kila mwenye tumbo linalomsumbua ana vidonda vya tumbo, na hahitaji daktari wa kumwambia. Kajipima mwenyewe siku alipokula pilipili. Ukiwa msibani ukasukuma maharage pembeni, jirani anakuinamia sikioni: "Vidonda, siyo?" Ukikubali, unapata pole na kipande cha samaki sato. Ukikataa, itabidi ueleze, na hakuna maelezo ya tumbo yanayofaa kutolewa mbele ya sinia la wali. Kwa hiyo mimi nilikubali. Nilikuwa na vidonda vya tumbo kwa miaka mingi, kwa heshima zote, bila kuwa navyo.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona kanzu, suti za harusi, na sare za shule ikikaribia Januari. Duka langu liko katikati ya mji, kwenye uchochoro wa mafundi, na choo tunachotumia kiko nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli. Kinafungwa kwa kufuli na ufunguo anao mwenye duka. Huyo ndiye mtu wa kwanza kuujua ukubwa wa tatizo langu. Mtu akikuomba ufunguo asubuhi moja mpaka uchoke kuutoa mfukoni, kisha zikapita siku kadhaa hauombi kabisa, hata kama hukusoma udaktari utaanza kujiuliza. "Fundi," alikuwa ananiambia mbele za watu, "leo linaendesha au limegoma?"

Hali yenyewe ilikuwa hivi. Tumbo lilinisokota chini ya kitovu, upande wa kushoto. Lilijaa upepo mpaka nalegeza mkanda. Nikienda haja, maumivu yanapoa, nami nachukia kwamba yamepoa, maana najua yatarudi. Wiki moja naharisha, wiki nyingine napata choo cha mbuzi. Na lilikuwa na tabia iliyoniudhi kuliko maumivu yenyewe: lilijua ratiba yangu. Siku ambayo sina pa kwenda, lilitulia. Siku ya safari au kikao lilianza kunguruma kabla sijavaa viatu. Nikienda kuvuka ziwa upande wa Kamanga kumsalimia dada yangu, niliulizia choo kwanza, ndipo niulizie kivuko kinaondoka saa ngapi. Na Ijumaa, udhu niliotia nyumbani ulikuwa haufiki nami msikitini.

Ningeishi hivyo mpaka siku ya kuvalishwa sanda, kama binti yangu asingeposwa.

Huyo ni binti yangu mkubwa, anafundisha shule ya msingi huku Pasiansi tunakoishi. Mposaji alikuwa kijana wa Magu, kutoka familia ya wauza mchele, watu wa dini na wa adabu. Kasoro yake, kwa macho yangu, ilikuwa ukimya. Alipoletwa na wazee wake kujitambulisha alitoa shikamoo, akajibu alichoulizwa, akamaliza soda yake, akaondoka. Mimi nimezoea kuwajua watu kwa midomo yao. Mteja akisimama mbele ya kioo akanyamaza, najua kanzu itarudishwa.

"Huyu kijana siwezi kumjua," nilimwambia mke wangu.

"Kwani unatafuta mkwe au mtangazaji wa redio?"

Mambo yalipokwisha kukubaliwa, binti yangu akanijia uani na ombi. "Baba, siku ya ndoa uniozeshe wewe mwenyewe. Usimwachie shehe."

Kwetu sisi Waislamu baba ndiye walii. Yeye ndiye anayemshika mkono bwana harusi na kutamka maneno ya kumwozesha bintiye. Lakini siku hizi akina baba wengi humpa shehe uwakala, naye huyatamka kwa niaba yao huku wao wamekaa pembeni kama waalikwa. Rafiki yake binti yangu aliozeshwa hivyo, na baba mtu, nilivyosimuliwa, alikuwa anaangalia simu.

"Sitaki kutolewa na mtu mwingine wakati wewe upo," alisema.

Nikamjibu inshaallah. Yeye alisikia ndiyo, akaenda zake anafurahi. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiria choo cha msikiti wetu, ambacho kiko nyuma kabisa, na ukitaka kukifikia unavuka viatu vya waumini wote. Nilijiona nikiuachia mkono wa bwana harusi katikati ya sentensi, nikikimbia. Basi nikaamua kutibiwa.

Zahanati ya kwanza walinitoa damu wakasema ni taifodi. Nilimeza dawa yote, tumbo likanistahi kidogo, kisha likaendelea na shughuli zake. Ya pili wakasema ni amiba. Ya tatu, tabibu aliniuliza kama utotoni nilikuwa naoga ziwani. Kumuuliza mtu wa Mwanza kama aliwahi kuoga ziwani ni sawa na kumuuliza kama aliwahi kula ugali. Nikapewa dawa ya kichocho. Ya nne walipima kinyesi, wakawakuta wale bakteria wanaoleta vidonda, na nitasema kweli, nilifurahi: hatimaye uongo wangu wa misibani ulikuwa umethibitishwa na maabara. Nikameza vidonge vya kila rangi mpaka mdomo ukawa na ladha ya msumari. Bakteria walihama. Tumbo halikuhama.

Siwalaumu. Taifodi kwetu ipo, kichocho kipo, amiba wapo, na kila mmoja wao alikipata alichokuwa anakitafuta. Huku mtaani nako hawakulala. Mzee mmoja mteja wangu alisema bila kupepesa macho kwamba ni ngiri, akaniletea mizizi ya kuchemsha. Mke wangu alinisagia habasoda. Jirani yetu, mama mmoja wa Kijita anayeuza dagaa, alinitazama kwa huruma akasema, "Wewe umerogwa kidogo."

"Kurogwa kidogo ndiyo kukoje?"

"Aliyekuroga hakutaka ufe, baba. Alitaka tu uhangaike."

Katika wote, huyo ndiye aliyeeleza dalili zangu vizuri zaidi.

Nilicheka nao, lakini kulikuwa na jambo ambalo sikulisema hata kwa mke wangu. Kaka yangu, tumbo moja baba mmoja, alikufa kwa saratani ya utumbo mpana. Naye alianza kwa kulegeza mkanda. Nilikuwa nikilala na hofu hiyo na kuamka nayo, naiendesha na cherehani mchana kutwa. Niliogopa kufa, ndiyo, nani asiyeogopa. Ila zaidi niliogopa kumshika mkono kijana nisiyemjua, nimkabidhi binti yangu, huku najua kwamba sitakuwepo kuona anamtunzaje.

Kaka wa mke wangu ndiye aliyenilazimisha kwenda hospitali kubwa, kwa daktari wa matumbo. Nilitegemea mzee mwenye miwani. Nikakuta binti anayeonekana mdogo kuliko wangu, mwenye sauti ya taratibu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamwekea mezani rundo la majibu yangu ya maabara, la kutosha kufungia maandazi ya mtaa mzima. Akayapitia, akayasogeza pembeni, akasema, "Sasa nieleze wewe."

Nikaeleza. Akauliza. Maumivu yanakuja mara ngapi, kila wiki au kwa mwezi? Yalianza lini? Ukienda haja yanapungua au yanazidi? Choo kinabadilika, mara kigumu mara maji? Nikamjibu huku natazama ukuta, maana sikuwahi kumweleza binti wa watu umbo la choo changu, na yeye alikuwa na picha kabisa, za kila umbo, akanipa nichague. Nilichagua mbili, ya mwanzo na ya mwisho. Akaandika bila kucheka.

Kisha maswali yakabadilika. Umewahi kuona damu kwenye choo? Hapana. Umepungua uzito bila sababu? Mimi ndiye fundi wa suruali zangu, kiuno nakijua, hapana. Homa? Tumbo linakuamsha usingizini? Hapana. Kuna mtu katika ukoo amewahi kuugua saratani ya utumbo?

Hapo nikayavuta majibu yangu ya maabara, nikaanza kuyapanga upya. Akangoja. Nikamwambia kuhusu kaka yangu, na sauti ikanitoka ndivyo sivyo.

"Pole sana, mzee," alisema. "Nimefurahi umeniambia."

"Sasa mbona hunipimi?" nilimuuliza, kwa ukali kidogo, maana nilikuwa nimeona aibu. "Tangu nimeingia tunaongea tu."

"Nakupima sasa hivi. Ugonjwa ninaoufikiria hauonekani kwenye damu wala kwenye darubini. Unaonekana kwenye maelezo. Kama maelezo yakilingana, na hakuna dalili ya hatari, mara nyingi tunaweza kuutaja bila kumzungusha mgonjwa. Lakini wewe umri umeshavuka hamsini, na kuna habari ya kaka yako. Sitakisia. Tutapima damu, tutapima choo, na tutaingiza kamera."

"Inaingilia wapi?"

"Huko huko unakofikiria."

Siku ya kamera sitaisimulia, ila dawa ya kusafisha tumbo waliyonipa nyumbani nitaisema. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliharisha kwa amri ya serikali, na mke wangu alisimama mlangoni akinihimiza ninywe zaidi.

Niliporudi kwa majibu, daktari alianza na neno la mwisho, na kwa hilo nitamwombea dua mpaka kesho. "Hakuna saratani, mzee. Hakuna kidonda, hakuna uvimbe. Utumbo wako ni msafi."

Nilijifuta uso kwa leso. Nilipomaliza kushukuru, nikagundua kwamba nimekasirika. "Kama ni msafi, kinachouma ni nini? Nimejitungia?"

"Hujajitungia. Maumivu ni ya kweli. Utumbo na ubongo vinaongea muda wote. Kwako wewe mazungumzo hayo yamekuwa makali mno. Upepo kidogo ambao mwingine hausikii, wewe unakuuma. Ukiwa na hofu, utumbo unakimbia, au unakaza. Ukiutazama ni mzima. Tatizo liko kwenye namna unavyofanya kazi. Ni utumbo unaokereketwa haraka."

"Dawa yake?"

Akasema dawa ya kuung'oa hakuna, ila upo utaratibu. Nipunguze maziwa nione, nipunguze maharage, nitembee, nile kwa wakati, na akaniandikia vidonge vya kupoza msokoto. Akasema haugeuki kuwa saratani. Akaniambia pia nisiwe na wasiwasi, kwa kuwa wasiwasi ndio unaouchochea. Kumwambia baba wa bibi harusi asiwe na wasiwasi ni ushauri mzuri sana, na nauhifadhi.

"Tuko wangapi wenye kitu hiki?" niliuliza.

"Wengi. Pengine mmoja katika kila watu kumi, kutegemea nani kauliza na kauliza vipi. Ila wengi hawaji. Wanaona aibu, au wanasema ni vidonda vya tumbo."

Nikatazama kiatu changu.

Nyumbani mke wangu alikuwa amenisubiri kibarazani. Nilimwambia kwanza kuhusu saratani, akashika kichwa kwa mikono miwili akasema alhamdulillahi mara nyingi, na nikajua kwamba hofu niliyodhani naificha alikuwa nayo yeye pia. Kisha akauliza, "Sasa kasema una nini?"

"Utumbo."

Msomaji anajua neno hilo linavyotumika mjini. Mtu akiongea upuuzi, tunasema anaongea utumbo.

"Yaani umezunguka kote huko," alisema mke wangu, "ukaingizwa mpaka kamera, ukaambiwa utumbo?"

"Utumbo mkereketwa."

Akanitazama. "Wa chama gani?"

Alicheka mpaka akakaa chini kwenye mkeka. Nilisimama pale na vidonge vyangu mkononi, nikasubiri amalize, na alipokaribia kumaliza akakumbuka tena. Tangu siku hiyo tumbo likinguruma ndani ya nyumba yetu, yeye anasema, "Mkereketwa kaanza kampeni."

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba hauna jina la kubebea msibani. Nilijaribu kumweleza yule bwana wa vipuri vya baiskeli siku nilipoomba ufunguo. Nilitegemea utani. Badala yake alitazama kulia na kushoto, akanivuta ndani ya duka katikati ya matairi, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyo daktari anapatikana siku gani?" Kumbe ndiyo maana ufunguo anakaa nao yeye. Miaka yote hiyo nilidhani ni kwa sababu ya ulinzi.

Baada ya hapo nikaanza kuwaona kila mahali, na nilijilaumu kwa kutowaona mapema, maana kazi yangu ni kupima viuno. Kuna bwana mmoja wa ofisini huja kupimwa asubuhi tu, kwa kuwa jioni si kiuno kile kile. Akina mama wangapi wameniambia, "Fundi, hapa tumboni weka lastiki, huwa linajaa"? Yupo mhubiri mmoja anayetaka suti zake zote ziwe na nafasi ya vidole viwili mbele, na hanenepi. Mimi nilikuwa nikiwaandika kama watu wasumbufu. Sasa nikipima mtu akanyonya tumbo ndani kisha akaliachia na kushusha pumzi, namwambia, "Nitakuachia nafasi," na naona anavyoshukuru bila kusema.

Kuelewa, hata hivyo, si kupona. Harusi ilipokaribia nilikuwa nimeacha chai ya maziwa, nimeacha maharage, natembea kandokando ya ziwa kila alfajiri kama mstaafu, na tumbo lilikuwa limepungua ukali. Halikuwa limeacha. Kwa hiyo nilimfuata shehe, nikamweleza nusu ya ukweli. Tukakubaliana kwamba nitaanza mimi. Nikimtazama na kutikisa kichwa, nitakuwa nimempa uwakala, naye aendelee palepale bila kuuliza. Akasema hakuna tatizo, wapo akina baba wanaoshikwa na machozi. Nikaacha aamini ni machozi. Binti yangu sikumwambia.

Siku ya ndoa sikula kitu. Msikiti ulijaa, wageni wa Magu walikuwa wamefika mapema, wamekaa upande mmoja kwa kanzu nyeupe, na nusu yazo nilizishona mimi. Wanawake walikuwa nyuma ya pazia, na binti yangu katikati yao. Bwana harusi aliketi mbele yangu, goti kwa goti, kimya kama kawaida yake. Shehe alitoa hotuba ya ndoa. Shehe wetu ni mtu mwema, lakini akishika kipaza sauti anasahau kwamba binadamu wana viungo vya ndani. Alianza na Adamu na Hawa, na alikuwa hana haraka.

Akaniambia nimshike mkono kijana. Nikamshika. Shehe akakishusha kipaza sauti kikawa katikati yetu, juu kidogo ya mapaja, ili wote wasikie. Msikiti ukanyamaza.

Nikavuta pumzi niseme, na tumbo likatangulia.

Haikuwa sauti ndogo. Ilianza chini, ikapanda, ikajikunja, ikamalizia na swali, na kipaza sauti kikaichukua yote, kikaipeleka kwenye spika za ndani na za nje, mpaka kwa wauza ndizi barabarani. Nilihisi msokoto unaanza, na nikajua mwingine uko nyuma yake. Nikageuza macho kumtafuta shehe. Kichwa changu kilikuwa kimeshaanza kutikisika.

Yule kijana akakiinamia kipaza sauti. Mkono wangu hakuuachia.

"Samahanini wazee," alisema. "Ni tumbo langu. Tangu Magu sijatia kitu kinywani."

Msikiti mzima ukaangua kicheko. Mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Mpeni pilau huyo, atakufa kabla hajaoa!" Hata shehe alicheka, akijifunika kwa ncha ya kilemba. Wazee wa Magu walimtazama kijana wao kwa aibu, naye akainamisha macho, akaipokea aibu hiyo yote kana kwamba ni yake. Hakunitazama, hakutabasamu, hakunipa ishara yoyote ya kutaka nishukuru. Aliniminya tu vidole, mara moja.

Sikumtafuta shehe tena. Nilisubiri kicheko kiishe, nikasema maneno yote mwenyewe, tangu jina la binti yangu mpaka mahari, na sauti haikunitoka ndivyo sivyo. Naye akajibu kwamba amekubali.

Mke wangu ndiye aliyenisimulia yaliyotokea nyuma ya pazia. Ile sauti ilipopita kwenye spika, binti yetu aliinua kichwa, maana amekua nayo nyumba moja na asingeweza kuifananisha na ya mtu mwingine. Kisha akasikia mumewe mtarajiwa akisema ni yake. Wanawake wote pale walikuwa wanacheka. Yeye alijifunika uso kwa mtandio, akalia, na mama yake alipomuuliza kuna nini, akasema, "Amemsitiri baba."